Majina Matatu ya Mama Kavugho

Mama Germaine alifariki mwezi uliopita, kitandani mwake, mchana, baada ya kunywa chai na kulalamika kwamba haina sukari. Nilifurahi alipokufa hivyo, na sioni aibu kusema, maana kwa vifo vyote alivyovisimamia mwanamke yule hapa Butembo alistahili kimoja kisichokuwa na kelele. Tulipomaliza kumzika, wauguzi wa Nyumba alikofanyia kazi walinifuata hadi nje ya makaburi. “Yaya Katungu,” wakasema, yaani dada mkubwa, “weye njo utapanga kumbukumbu yake. Hakuna mwingine mwenye kujua kama weye.” Niliwajibu vibaya, kama kawaida yangu, kisha nikakubali. Kwa miaka mingi nimepanga kumbukumbu nyingi za familia zilizofiwa, Butembo, Beni, hata Luofu, na watu hunisifu kwamba hakuna anayebaki nje ya mikutano yangu. Hawajui kwamba yote niliyoyafanya baadaye ni kurekebisha ule mkutano wa kwanza. Kwa hiyo kabla sijaandika orodha ya Mama Germaine, nitaandika habari za mwaka wa mkutano huo.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nyumba, tuliiita hivyo tu, ilikuwa juu ya kilima, na kazi yake ilikuwa kuwapokea wagonjwa ambao hospitali kubwa imeshakata tamaa nao: wenye saratani, wenye vidonda visivyofunga, wazee waliokwisha. Kulikuwa na vyumba viwili, cha wanaume na cha wanawake, vitanda vinne kila kimoja, na katikati chumba cha kulia chakula kilichokuwa pia ofisi, kanisa na mahali pa kugombana. Ukuta kati ya chumba hicho na kile cha wanaume ulikuwa wa mbao, na kila kitu kilisikika, mtu akikohoa huku, kijiko kinasimama kule. Asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni. Mama Germaine, muuguzi mkuu, alikuwa Mkatoliki mwenye mikono mikubwa. Mimi niliajiriwa kukaa na familia kabla na baada ya kifo, kazi ya upole, na aliyenipa kazi hiyo sijui aliniona wapi upole. Ulikuwa mwaka ambao habari za Beni, mji jirani, zilikuja kila siku: watu wamekatwa mapanga shambani, watu wamekatwa barabarani. Tulikuwa tunawaita wachinjaji, na hakuna aliyekuwa na hakika ni akina nani. Hilo ndilo lililotuharibu vichwa. Adui asiye na sura anaweza kuwa mtu yeyote anayepita.

Masika aliletwa mwezi wa pili. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amekatwa shingoni na mgongoni kwenye shamba la kakao la baba yake, upande wa Beni, saa tatu asubuhi, jua likiwaka. Wenzake sita walibaki palepale. Yeye alijifanya maiti chini ya dada wa mama yake, ambaye alikuwa maiti kweli. Panga liligusa mfupa, mfupa ukaoza, na kwa miezi minne alilala kifudifudi akitazama sakafu ya simenti. Baba yake, Papa Mbusa, alikuwa mnunuzi wa kakao, mtu mnene, mwenye sauti, na sikuwahi kumwona baba wa namna ile. Alilala chini ya kitanda cha binti yake kwa zamu na nduguze wawili, ili Masika akitazama sakafu aone uso wa mtu. Alimlisha uji akiwa amelala chali sakafuni, mkono juu, kijiko kikipanda. Alikuwa akileta matunda ya kakao mabichi, anayapasua, anawapa wagonjwa wote wanyonye ule utamu mweupe, Wakatoliki, Waprotestanti, Papa Ramazani wa msikiti aliyekuwa akimuuguza mkewe. Nilimpenda Papa Mbusa. Naliandika hili sasa kwa sababu baada ya muda mfupi mtaona ni rahisi kumchukia, na mimi nilifanya vyote viwili.

Masika alikufa siku ya Jumanne. Barabara ya Beni ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mashambulizi, basi wakamzika hapahapa Butembo, kwa kaka mkubwa wa Papa Mbusa. Kesho yake, vijana wa mtaa ule waliweka barriere ya miti na mawe kwenye njia ya kutokea mjini, wakawa wanachunguza wasafiri, na Papa Mbusa, akiwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu, akaenda kusimama nao. Haya niliyajua baadaye. Nilichokiona mwenyewe ni kile tulicholetewa siku iliyofuata ndani ya blanketi.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua. Mnande, mtu wa kabila letu, hazaliwi akatafutiwa jina, analikuta linamngoja. Mvulana wa kwanza wa mama yake ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea. Mimi ni Katungu, kwa hiyo ukinisikia tu unajua mama yangu alizaa wasichana wangapi kabla yangu. Kijana aliyeletwa ndani ya blanketi alikuwa anaitwa Kasereka, na kadi yake ilisema hivyo. Alikulia Kisangani, Kinande chake kilikuwa cha kuombea maji tu, na alikuwa anakwenda Beni kumwona mama yake. Pale kwenye barriere walimsimamisha kwa sababu ya lafudhi. Wakasoma kadi. Kisha mtu mmoja mzima akamuuliza: “Sawa, weye njo Kasereka. Kambale yenu iko wapi?” Kijana akajibu kwamba hana kaka, yeye ndiye wa kwanza kwa mama yake. Hilo lilitosha. Kasereka asiye na Kambale mbele yake ni mtu aliyeokota jina la watu. Walimpiga mawe mpaka akaanguka, wakamwagia mafuta ya pikipiki, wakawasha. Mwanajeshi mmoja aliyepita alipiga risasi hewani, watu wakatawanyika, na hospitali ikakaa naye siku moja ikatuletea.

Siku ya tatu walikuja kummalizia. Sijui nani aliwaambia yuko kwetu. Walikuwa kama hamsini, wengine nawafahamu, mmoja alikuwa akiniuzia vocha za simu. Walisimama kwenye lango wakipiga bati kwa fimbo. “Mutupatie ule mutu, tumalize kazi,” wakapiga kelele. Jiwe la kwanza lilivunja dirisha la jikoni, la pili likanipasua hapa juu ya nyusi. Mama Germaine alikuwa anapika maharagi ya wagonjwa. Alitwaa sufuria lote, yeye upande mmoja na mpishi upande mwingine, likichemka, wakaliweka langoni, akachukua kata. “Mwenye kuingia ataingia na ngozi yake,” akasema, “atatoka bila ngozi.” Mmoja akasogea. Akamwagiwa kata moja kifuani, bila onyo la pili, na sauti aliyotoa mtu yule ilikuwa ileile niliyokuwa naisikia kutoka chumba cha wanaume kila tulipobadilisha bandeji. Wakaondoka. Mama Germaine alitazama maharagi yaliyobaki, akasema wagonjwa watakula kidogo leo. Mimi nilikuwa na hasira, si hofu. Nilikuwa nimetamani wasogee wote.

Mama yake Kasereka alifika kutoka Beni siku ya tano, nyuma ya lori la mbao, mwanamke mfupi aitwaye Kavugho, mwenye kitambaa cha kijani kichwani ambacho hakukivua hata kulala. Kijana hakuwa na uso tena, lakini mdomo ulikuwa unafanya kazi. Alimweleza mama yake yote waliyomwambia, na kila aliporudia swali lile alilirudia kwa sauti ya yule mtu, nzito, ya taratibu: Kambale yenu iko wapi. Alitaka mama yake amwambie kwa nini waliuliza hivyo. Mama Kavugho akatoka nje, akaja kukaa nami kwenye benchi la chumba cha kulia, sahani ya bugali mapajani. “Kambale alikuwako,” akaniambia. “Na Paluku alikuwako. Moja alikufa na miezi mbili, mwingine na juma tatu. Mi sikumuambiaka. Utamuambiaka mutoto je kama anakaa pa nafasi ya bafu wawili, bandugu yake benye kufa? Alikuwa anafurahi kuwa wa kwanza. Nikamuacha na furaha yake.” Akala tonge moja. “Kama ningemuambia, angejibu.”

Kasereka alikufa siku ya tisa. Tulimzika wanne, haraka, bila kilio, bila matanga, kwa sababu hakuna mtu mjini aliyethubutu kukaa kwenye matanga ya mtu aliyechomwa kama mchinjaji. Mama Kavugho akarudi Beni, na huko aliwaambia majirani kwamba mtoto wake alikufa kwa malaria.

Ni mimi niliyetoa wazo la mkutano wa kumbukumbu. Familia zilikuwa zinatoka kwetu na marehemu wao zinapotea, na nilijua kuna zaidi ya moja iliyozika bila kulia. Nikamwambia Mama Germaine: tuchague Jumamosi moja, tuite familia zote za mwaka huu. Akakubali, akaunda kamati, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba ni rahisi kuwatetea watu langoni kuliko kuwakalisha meza moja. Pasta Mathe hakutaka mishumaa, alisema ni ibada ya Wakatoliki. Mama Germaine akauliza umeme ukikatika Waprotestanti huwasha nini. Papa Ramazani aliuliza nani atachinja mbuzi, na wajane wawili wakasema bila kasiksi hakuna kilio, mkutano bila pombe ya ndizi ni mkutano wa shule. Pasta akatishia kutoka. Tuligombana Alhamisi nne. Mwishowe tukabaki na jambo ambalo hakuna aliyeweza kulikataa: jina litasomwa, familia itasimama, itakaa. Kusimama hakuna dini. Mbuzi angechinjwa na Papa Ramazani, kasiksi ingebaki nyuma ya jiko ambako Pasta hakuwa na sababu ya kufika. Majina yangefuata alfabeti, ili pasiwe na ugomvi nani alikufa kwanza. Nikaandika mialiko kwa mkono wangu, na juu ya kila mmoja nikaandika kwa herufi kubwa: KWA WOTE. Nilijivunia maneno hayo mawili kupita kiasi.

Papa Mbusa alikuwa kwenye kamati, akiwakilisha familia za Beni. Alhamisi ya mwisho tulikula pamoja, sombe ya majani ya muhogo na makayabo, samaki wa chumvi, na mimi nilikuwa nakwenda na kurudi jikoni na sahani. Wakawa wanazungumza habari za usalama, kama kila mtu mwaka ule. Nilikuwa mlangoni niliposikia sauti yake. “Vijana bale ba barriere banauliza carte tu,” alikuwa anamwambia Pasta, akitoa miba ya samaki. “Carte inasema nini? Carte banaiba. Mi nikamuuliza: weye njo Kasereka, sawa, Kambale yenu iko wapi? Akasema hana kaka mukubwa, ye njo wa kwanza. Bon. Kasereka gani iko wa kwanza? Hata mutoto wa primaire anajua. Nikaambia batu, huyu hapana mutu wa kwetu. Bakamaliza kazi.” Akanyonya kidole. “Masika yangu alikuwa na siku moja ndani ya udongo. Siku ile nililala.”

Hakujua kwamba kijana alifia kwetu. Hakuwamo katika kundi la langoni, na baada ya mazishi ya Masika alikaa miezi bila kufika, na sisi hatukuwa tunalitaja jambo lile. Alikuwa ameketi, mgongo wake ukiuegemea ukuta wa mbao, na nyuma ya mbao hizo, mkono mmoja tu kutoka mahali alipoweka kichwa, ndipo kilipokuwa kitanda cha Kasereka. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilipili. Nilifikiria kumsukumia machoni, nilifikiria kabisa, nikapima umbali. Kisha nikaiweka mezani, akaniambia asante, binti yangu.

Walipoondoka nilimweleza Mama Germaine. Nikamwambia mtu yule asikanyage tena hapa, tumfute, tumwambie mkutano umeahirishwa, tumwambie lolote. Alikuwa anaosha sufuria, hakugeuka.

“Uliandika nini pa mualiko?”

“Kwa wote.”

“Basi futa. Chukua kalamu, futa yote, moja moja, kisha tutaongea.”

“Ni muuaji, Mama.”

“Niko najua. Na binti yake alikufa mu mikono yangu, njo vile vile.” Akakausha mikono. “Lakini huyu mama hapana atakuja kama mutu mwenye kuanguka mu shimo. Utaenda Beni. Utamuambia Kavugho kama huyu mutu atakuwako. Ye njo atachagua, kukuja ao kubaki. Hapana weye, hapana miye.”

Nilikwenda Beni kwa msafara wa magari uliolindwa na jeshi. Njiani tulipita malori mawili yaliyoungua, moja likiwa bado linatoa moshi, na kando yake kiatu cha mtoto ambacho kila mtu ndani ya gari alijifanya hakukiona. Joto la Beni lilinipokea na harufu ya matairi yanayoungua. Asubuhi hiyo walikuwa wameleta watu kutoka mashambani, ndani ya gari la wazi, wamefunikwa turubai fupi, miguu kumi na kitu ikiwa nje. Wanawake walikimbia kando ya gari wakitambua miguu. Mmoja alitambua, akashika kisigino, akakimbia nacho hivyo hivyo bila kukiachia mpaka akaanguka. Vijana wakaanza kuwarushia wanajeshi mawe, wanajeshi wakawapiga kwa vitako vya bunduki, na kijana mmoja alipigwa mbele yangu hadi meno yakatoka juu ya lami. Nilipita nikiwa nimeinamisha kichwa. Nakumbuka wazo moja tu, na lilikuwa la kutisha: wakati ule, mtu angepita hapo asiyejua kujibu swali, ningeweza kuokota jiwe.

Mama Kavugho aliniandalia chakula uani, bugali na maharagi yenye mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mchikichi. Nikala. Nilikuwa nimekuja na sentensi moja, nimeirudia njia nzima, nayo haikutoka. Nilimpa mualiko, akausoma herufi kwa herufi. Akaniuliza kama jina la mtoto wake litasomwa mbele ya watu. Nikasema ndiyo. Akaukunja mualiko, akasema: “Basi basome batatu. Paluku, Kambale, Kasereka. Batu basikie kama Kambale alikuwako. Mutoto yangu alikufa kama muongo, mutu wa bongo. Sitaki abaki mutu wa bongo.” Alilia kwa hasira, akifuta macho kwa kile kitambaa cha kijani. Nilitazama mikono yake na nikajua kwamba nikimwambia, hatakuja, na asipokuja, hakuna siku nyingine itakayopatikana ya kusafisha jina la kijana yule. Hayo ndiyo niliyojiambia. Nikamuaga. Niliporudi Mama Germaine aliniuliza kama nimemwambia, nikasema nimemwambia.

Sheria ya kamati ilikuwa wazi: yanasomwa majina ya waliofia Nyumba tu. Watoto wachanga waliokufa zamani huko Kisangani hawakuwa na nafasi, na kama ningeomba, Pasta angetaka Alhamisi nyingine nne. Sikuomba. Ijumaa, nilipobaki peke yangu na orodha, niliandika kwa kalamu pembeni, juu ya Kasereka: Paluku, Kambale. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya mama yake. Ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka kumwona Papa Mbusa akisikia. Nilitaka majina yale yampate pale alipoketi, mbele ya watu, baada ya kula mbuzi wetu. Nilichukua kumbukumbu ya wafiwa nikainoa.

Jumamosi walikuja watu wengi kuliko viti, tukatoa mabenchi na vigoda vyote uani, jua likiwa limetoka baada ya mvua. Pasta alisali kwa kifupi kuliko nilivyotarajia, Papa Ramazani akasoma dua, Mama Germaine akapiga ishara ya msalaba na waliotaka wakamfuata. Mama Kavugho aliketi mstari wa tatu, kwenye kigoda, peke yake. Papa Mbusa aliketi mstari wa pili na nduguze wawili, koti jeusi, viatu vimepigwa rangi. Kati yao palikuwa na hatua nne. Nikaanza kusoma. Jina, watu wanasimama, kimya, wanakaa. Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Walisimama watu ambao nilikuwa sijawahi kuwaona wakinyanyua uso, mjane wa mwanajeshi, familia ya mwizi aliyekufa kwa saratani ya ini, na wote walisimama kwa namna moja.

Kisha nikasema: “Kwa Mama Kavugho. Paluku. Kambale. Kasereka.”

Akasimama. Macho yangu yalikuwa kwa Papa Mbusa, nayo yalikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilimwona akihesabu. Aligeuka taratibu kwenye benchi lake, akamtazama mwanamke yule, kitambaa, miguu, na tena uso. Nadhani hakukusudia kusema kwa sauti. Alikuwa mtu wa sauti tu.

“Mama,” akasema, “Kambale yenu alikuwa wapi?”

Yalikuwa karibu maneno yaleyale. Na ilikuwa ile sauti, nzito, ya taratibu, ambayo Kasereka aliiiga siku nne mfululizo kwa mdomo ulioungua. Mama Kavugho aliinama, akashika kigoda chake mguu mmoja, akavuka zile hatua nne, akampiga nacho usoni. Nilisikia pua ikivunjika. Papa Mbusa alianguka juu ya watu wa mstari wa kwanza, akainuka kwa magoti, akapigwa tena, begani, kichwani, kigoda kikapasuka na yeye akabaki na mguu wa kigoda mkononi. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Ningeweza kumshika. Sikumshika.

Nduguze wawili ndio walioruka. Mmoja alimshika Mama Kavugho shingoni, mwingine akainua ngumi. Uani pote watu walikuwa wamesimama, mabenchi yamepinduka, mtoto analia, na nilisikia sauti nyuma ikisema ni mama wa yule mchinjaji, na nikajua jinsi itakavyokwisha, maana nilishaiona langoni.

“Bamuachilie,” Papa Mbusa akasema. Damu ilikuwa inamtoka puani na mdomoni na maneno yalitoka nayo. “Hapana kumugusa.” Nduguye hakuachia. Papa Mbusa akaushika mguu wa suruali ya nduguye huyo na kuuvuta. “Miye njo niliuliza. Batu yote basikie. Miye njo niliuliza, na kijana alijibu kweli. Alijibu vile alijua. Kambale alikuwako. Kijana hapana mutu wa bongo.”

Mkono ukaachia shingo. Mama Kavugho alivuta pumzi, akakohoa. Alikuwa amepata alichokuja kukitafuta, mbele ya watu mia na zaidi. Akampiga tena, mara moja, kwa ule mguu wa kigoda, kwenye shavu, na hakuna mtu aliyesogea.

Mama Germaine alinitazama. Alikuwa ameelewa kwamba sikumwambia mwanamke yule chochote, na kwamba majina ya pembeni ni kazi ya kalamu yangu. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

“Soma,” akasema.

“Mama—”

“Orodha haiishe. Soma.”

Nikatafuta mstari kwa kidole. Nikasoma: “Masika.”

Papa Mbusa aliweka kiganja chini, akajisukuma. Goti likakataa, akarudi chini. Nduguze walikuwa wamerudi nyuma, kama watu ambao hawajui tena wao ni wa nani. Aliyekuwa karibu naye ni Mama Kavugho peke yake, amesimama juu yake na kipande cha mti mkononi. Hakumpa mkono. Alimtazama akihangaika, akatazama ardhi, kisha akarudi nyuma hatua moja, ili Papa Mbusa apate nafasi ya kusimama.